Usihesabu Madoa, Tazama Yamekaa Wapi

Kwenye sherehe moja ya kuvishana pete hapa Arusha, pete ilizungushwa meza hadi meza kama sinia la halua. Tanzanaiti ya karati kama 4, umbo la mraba, pembe kali, kucha nne za dhahabu nyeupe. Kila aliyeishika aliapa kwamba haina hata doa. Mjomba wa bwana harusi akaongeza kuwa cheti cha duka kinasema AAA, basi nani abishe? Nikaisogeza dirishani, nikailaza ubavu, nikairudisha na kuendelea na pilau yangu. Chini ya kucha moja palikuwa na ufa unaomemeta.

Tuanze na hizo A tatu, kwa kuwa hazihitaji muda. Hakuna anayezilinda; kila duka hujigawia linavyopenda. Almasi ina ngazi 11 za usafi za GIA, taasisi ya vito ya Marekani, kuanzia FL hadi I3, zinazosomwa kwa lenzi ya mara 10. Wapimaji wawili wanaweza kuvutana kati ya VS2 na SI1, lakini angalau wanavutania kipimo kimoja. Muuzaji anayekuambia tanzanaiti yake ni "VVS" amelivika jiwe joho la mwenzake. Tena tanzanaiti kwa kawaida huzaliwa safi. Ikionekana safi kwa macho matupu haijafanya la ajabu, imetimiza wajibu wake tu.

Mnunuzi asiyejua hutazama jiwe kwa juu, akatafuta doa jeusi katikati. Akiliona analirudisha kwa kinyaa. Mara nyingi doa hilo ni chembe ya grafaiti, kwa sababu miamba ya Mererani, inakochimbwa tanzanaiti, imejaa grafaiti. Halipendezi, nakubali, lakini halitamdhuru mtu. Limekaa humo tangu jiwe lilipokuwa chini ya ardhi na litaendelea kukaa. Kisha mnunuzi huyo huyo analipia kwa furaha jiwe "safi" lenye ufa ukingoni, mahali ambapo kucha ya pete itakandamiza.

Ukingo, jamani! Tanzanaiti ni zoisaiti, na zoisaiti ina mwelekeo mmoja ambao hukubali kupasuka bapa kabisa. Ugumu wake ni 6 hadi 7 kwenye kipimo cha Mohs, chini sana ya almasi. Ufa mdogo unaoanzia ukingoni na kufuata mwelekeo huo unangoja sababu tu: mkono wa fundi anapolaza kucha, sinki la jikoni, mlango wa gari. Almasi nayo haijasalimika, maana ina mielekeo minne ya kupasuka. Almasi mbili za SI1 zinaweza kuwa na herufi zile zile kwenye cheti, moja ikiwa na chembe tulivu ndani, nyingine ufa unaogusa ukingo. Mimi nachukua ya kwanza bila kuuliza bei ya pili.

Kuuona ufa huo si uchawi. Laza jiwe kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, weka tochi ubavuni, kisha lizungushe taratibu huku lenzi ikifuata ukingo. Chembe hubaki ilivyo kila upande. Ufa hujificha, halafu kwenye pembe moja tu hung'aa ghafla, bapa na mweupe. Unapong'aa, tazama kama umefika nje. Taa kali za dukani zimewekwa kumulika kutoka juu, na jiwe likimulikwa hivyo ufa wa ukingoni hauonekani. Dirisha la upande wenye kivuli linatosha.

Palikuwa na fundi mzee wa Kigujarati, benchi lake karibu na Mnara wa Saa, ambaye hakufunga jiwe kabla ya kulizungusha hivyo mara mbili. Akikuta ufa ukingoni alilirudisha kwenye karatasi yake, akalisukuma kwa mwenyewe kwa kidole kimoja na kuagiza chai. Maelezo hakutoa, na wateja wenye akili hawakuyaomba. Nimemjua pia dalali aliyepitisha mawe kwenye mafuta ya nazi kabla ya kuyafungua mbele ya mgeni. Ufa unaofika juu hunywa mafuta ukanyamaza. Kwa hiyo futa jiwe kwa spiriti kabla ya kusema lolote, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Na kwenye pete iliyokwisha fungwa, kucha moja ikiwa pana kuliko wenzake, uliza inafunika nini.

Chanzo cha yote ni uzito. Mkataji mwenye adabu huondoa ufa kabla jiwe halijapelekwa kuchomwa, kwenye nyuzi 500 na zaidi, akakubali kutoka na karati 2.6. Mwenye tamaa huuacha ili afike 3 kamili, kwa kuwa mteja ananunua namba. Zamani mawe yalikatwa kwa ajili ya rangi na uzima wake. Siku hizi yanakatwa kwa ajili ya picha ya simu.

Mengine ni mafupi. Umbo la tanzanaiti ni yai. Mraba wenye pembe kali hauifai, na pembetatu ni ya watu wasiopenda mawe yao. Ukingo uliozungushiwa dhahabu ni bora kuliko kucha, hasa kwa pete ya kuvaliwa kila siku. Jiwe linunuliwe kabla halijafungwa. Kama limeshafungwa na muuzaji anakataa kulitoa kwenye pete ulitazame, muulize bei ya pete bila jiwe. Na kusafisha ni maji vuguvugu, sabuni na mswaki laini. Mashine ya mitetemo waachie wenye almasi, nao wawe wameshautazama ukingo.