Ndogo, Ndogondogo na Isiyo Rasmi: Istilahi za Msaada kwa Mfanyabiashara Mdogo

Katika makala haya tunakusudia kuyachunguza maneno machache yatumikayo katika sera, sheria na fomu zihusuzo msaada wa Serikali kwa wafanyabiashara wadogo. Wasomaji wetu walio wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali huyatumia kila siku, na yamkini wamekwisha kuyazoea hata hawayasikii tena. Lakini neno lililomo katika fomu ya mkopo si pambo. Ndilo linaloamua nani apewe na nani aambiwe arudi kesho.

Tuanze na ukubwa. Sera ya Tanzania ya mwaka 2003 ya kuendeleza biashara ndogo na za kati iliziweka biashara katika madaraja manne. La chini kabisa ni la biashara yenye watu wasiozidi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5. Linalofuata ni la watu 5 hadi 49 na mtaji wa hadi milioni 200. Kisha huja la kati, la watu 50 hadi 99 na mtaji wa hadi milioni 800. Zilizobaki ni kubwa. Kwa hesabu mambo yako wazi. Kwa lugha hayako, maana madaraja mawili ya chini yote, kwa Kiswahili cha kawaida, ni "biashara ndogo". Mfasiri hana budi kutafuta neno la kuitenga ile ya chini, na hapo baadhi huandika "biashara ndogo sana", na wengine "biashara ndogondogo".

Hili la pili ndilo lililoenea, nasi twaliona kuwa ndilo lenye taabu zaidi. "Vitu vidogovidogo" si vitu vilivyo vidogo kuliko vidogo. Ni vitu vingi, vya namna mbalimbali, kila kimoja kidogo. Kurudufu kivumishi hapo kwaonyesha wingi na kutawanyika. Si kipimo cha kimo. Ndiyo maana mtu husema "nafanya biashara ndogondogo", akiwa na maana ya hiki na kile, lakini hasemi "nimefungua biashara ndogondogo moja". Wachuuzi wa Dar es Salaam walipounda umoja wao wa VIBINDO, yaani Vikundi vya Biashara Ndogondogo, walisema sawasawa, kwa kuwa walikuwa wakitaja wingi wao. Kosa huanza neno hilohilo linapofanywa jina la daraja lenye mpaka wa shilingi milioni 5. Kwa daraja hilo twaona "biashara ndogo kabisa" yafaa zaidi: haina utamu masikioni, lakini yakubali umoja na wingi, na yaonyesha kwamba chini yake hakuna daraja jingine.

Neno "mtaji" nalo laonekana halina kasoro, kumbe limebeba mzigo. Katika sera hiyo mtaji unaopimwa ni ule uliowekezwa katika mitambo na vifaa. Na biashara ikiangukia madaraja mawili, mtaji ndio unaokata shauri. Sasa tumchukue mama lishe mwenye wasaidizi wawili, na majiko, friji, meza na viti vyenye thamani ya shilingi milioni 6. Kwa hesabu ya watu yumo katika daraja la chini, kwa hesabu ya vifaa amekwisha kupanda. Akiulizwa mtaji wake ni kiasi gani, atajibu shilingi laki moja na nusu, kwa sababu ndizo anazokwenda nazo sokoni alfajiri kununulia mchele na maharage. Hasemi uongo. Kwa watu wengi mtaji ni fedha izungukayo, na msemo wasema mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuhesabu viti. Fomu iandike "thamani ya vifaa vya kazi", na swali litajibiwa.

Tuje kwa "mjasiriamali". Limeundwa kwa jasiri na mali, na kwa muundo si baya. Lilikusudiwa kumtaja mtu athubutuye kuanzisha jambo jipya na kubeba hasara yake, na ndivyo lifundishwavyo vyuoni. Lakini mwaka 2018 vilipotolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, vilikusudiwa wale ambao mauzo yao hayafiki shilingi milioni 4 kwa mwaka, yaani kama shilingi 11,000 kwa siku. Auzaye karanga kwa sababu hana kazi nyingine akaitwa jina moja na mwenye kiwanda. Twafahamu kwamba ilikuwa heshima, hasa kwa watu ambao chini ya Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 waliweza kukamatwa kama wazururaji. Hata hivyo lugha inalo neno "mchuuzi", la zamani, lisilo na tusi ndani yake. "Machinga" hatulipendekezi katika sheria: ni jina la watu wa Lindi, na si haki kabila zima ligeuzwe kuwa kazi.

Juu ya "sekta isiyo rasmi" hatutakawia. Dhana yenyewe ilienea baada ya taarifa ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972, nasi tukaifasiri neno kwa neno. Mtu aliyelipia kitambulisho cha Serikali na kupangiwa kizimba na halmashauri si rasmi kwa lipi? Wakenya walikuwa na neno lao: waraka wa Bunge Na. 2 wa mwaka 1992 uliingiza "jua kali" katika anwani yake, hali waraka wenyewe ni wa Kiingereza.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni "uwezeshaji". Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo lilipoundwa mwaka 1973, kitenzi kilichochaguliwa kilikuwa "kuhudumia", na kila mtu alielewa. Tangu sheria ya uwezeshaji wananchi kiuchumi ya 2004, mkopo, ruzuku, mafunzo na hata posho ya semina vyote huingia katika mfuko mmoja wa neno. Mwaka 2018 sheria ilizitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu upitiwe upya, ukarejeshwa mwaka 2024. Fedha hizi ni mikopo isiyo na riba, si sadaka. Kikundi kiambiwacho kwamba "kimewezeshwa" chaweza kudhani kimepewa, na siku ya kudaiwa lawama humwangukia mwenyekiti. Iandikwe "mmekopeshwa", pamoja na kiasi na tarehe ya kulipa.

Limebaki jina la kazi ya vyama vinavyokwenda kwa Serikali kuomba ushuru upunguzwe au sheria ibadilishwe. "Ushawishi" lina jamaa yake, kishawishi, na lanuka hongo. "Utetezi" lampeleka msikilizaji mahakamani, kana kwamba wachuuzi wameshitakiwa. Sisi twaelekea "usemezi wa sera", kwa kuwa kusemezana ni kazi ya pande mbili. Wasomaji walio na lililo bora watuletee kabla ya toleo lijalo.