Uchungu wa Mwana Ni wa Nani?

Methali husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hapa Kyarumba, mtoto mwenye selimundu akilia usiku kwa maumivu ya mifupa, jirani huitamka kama pole, kisha huenda zake. Baba mwingine hujitoa, akidai damu mbaya imetoka kwa mama. Lakini ugonjwa huu hurithiwa kwa wazazi wote wawili: wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kumpata mtoto mgonjwa. Methali imesema "mzazi", haikusema "mama". Sisi ndio tulioipunguza. Kasoro yake yenyewe ni nyingine: inamsahau dada anayeamka kuchemsha maji, ambaye hakuna amwambiaye pole. Yeye pia anaujua uchungu huo.