Gari Halitaji Mwaka wa Mwisho

Miongoni mwa burudani za wazee waliozoea barabara, mojawapo ni kuitazama picha ya zamani na kubishania gari lililomo. Hapa Dumila, mahali ambapo barabara ya Kilosa inaachana na ile iendayo Dodoma, burudani hiyo haikosi watu. Wamo madereva wastaafu, mafundi gari, na vijana waliojifunza majina ya magari ya Kiingereza ambayo hawakuwahi kuyapanda. Picha hupitishwa mkono kwa mkono, au siku hizi simu kwa simu, na swali ni moja: gari gani hili, na la mwaka gani? Nimekusudia kuupima ujuzi huo, uzuri wake na upungufu wake, kwa kuwa naona umeanza kutumiwa kuhukumu watu pamoja na magari.

Tuanze na uzuri. Mtambuzi hodari halitazami gari kwa mkupuo mmoja. Hulisoma sehemu kwa sehemu, kama mwalimu asahihishavyo insha. Chukua Morris Minor, gari lililoanza kuuzwa mwaka 1948. Mwanzoni taa zake za mbele ziliwekwa chini, kandokando ya shoo. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 taa hizo zilikuwa zimepandishwa juu ya madigadi. Kioo cha mbele kilikuwa vipande viwili vilivyotenganishwa na kijiti cha katikati, hadi mwaka 1956 kilipoletwa kioo kimoja kilichopinda. Kwa hiyo ukiona kioo kizima huna haja ya kukisia: picha hiyo haikupigwa kabla ya 1956. Au chukua Ford Anglia iliyotoka mwaka 1959. Kioo chake cha nyuma kimelala kinyume na vya magari mengine, sehemu ya juu ikiwa imetokeza nyuma kuliko ya chini. Hata picha iliyofifia kiasi gani, kioo hicho hakijifichi.

Hii ni elimu. Humfunza kijana kusema jambo akiwa na sababu, na kukubali kushindwa anapoonyeshwa sababu bora. Nimefundisha miaka mingi, na ninakiri kwamba madarasa yenye mabishano safi kama yale ya chini ya mwembe hayakuwa mengi.

Sasa upungufu. Watambuzi wengi huitegemea mno shoo ya mbele. Huko Uingereza ilifaa, maana kampuni zenyewe ziliitumia shoo kutofautisha bidhaa zao. Austin na Morris, zilizokuwa washindani, ziliunganishwa mwaka 1952 katika shirika la British Motor Corporation. Ilipofika 1959, umbo moja lililochorwa na Pininfarina wa Italia liliuzwa kwa majina matano: Austin Cambridge, Morris Oxford, MG Magnette, Riley na Wolseley. Mtazamaji wa nje alizitofautisha hasa kwa shoo, nembo na mapambo. Wolseley ilijulikana hata usiku, kwani nembo yake ya mbele iliwaka taa.

Lakini gari likishafika kwetu lilikuwa na maisha mengine. Likigonga ng'ombe njiani, fundi hakungoja kipuri cha meli kama palikuwa na gari bovu uani. Austin ikaweza kutembea na shoo ya Morris, na mwenye gari hakuona ajabu, mradi injini isichemke. Hivyo mtu anayetaja jina kwa kuiona shoo peke yake huenda anaitaja kazi ya fundi, wala si kazi ya kiwanda. Tena Pininfarina huyo huyo alichora Peugeot 404 ya Ufaransa, iliyotoka mwaka 1960, ikafanana sana na ndugu hao watano. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland na Chris Rothwell waliotoka Tanzania. Ni gari letu sana, na bado wapo wanaoliona pichani wakaliita Austin.

Upungufu mkubwa zaidi ni kuugeuza mwaka wa gari kuwa mwaka wa picha. Gari hutuambia picha haikupigwa kabla ya mwaka fulani. Mwaka wa mwisho halitaji. Kule India, umbo la Morris Oxford ya miaka ya 1950 liliendelea kutengenezwa kwa jina la Ambassador hadi mwaka 2014. Na katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ipo Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere. Gari ni lile lile, na zama ni mbili.

Neno hili lilipata uzito hapa kwetu katika msiba mmoja. Familia ilitayarisha wasifu wa marehemu ikiwa na picha yake akiwa kijana, amesimama kando ya gari dogo, na chini yake pameandikwa kwamba ni mkutano wa TANU wa mwaka 1954. Kijana mmoja alikitambua kile kioo cha nyuma cha Anglia, akatamka mbele ya waombolezaji kwamba picha ni ya uongo, na wasifu wote ni wa uongo. Watoto wa marehemu waliumia. Mmoja alitaka picha ichanwe, mwingine alitaka kijana afukuzwe msibani. Nilimwita kando.

“Shikamoo, Mwalimu. Lakini gari halisemi uongo.”

“Marahaba, mwanangu. Gari limesema kweli. Wewe ndiye umeongeza.”

Kuhusu Anglia alikuwa sahihi kabisa. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na gari lile halikuwapo duniani hadi miaka mitano baadaye. Lakini maandishi ya chini ya picha yalikuwa ya mjukuu, aliyeandika alivyodhani. Kosa la kalamu ya mjukuu halimfanyi babu kuwa mwongo. Kama mzee alijiunga na chama mwaka 1954 au la, hilo huulizwa wenzake waliobaki, na kadi yake kama ipo. Kioo cha gari hakina jibu. Wasifu ulisomwa, mwaka ukaondolewa, picha ikabaki. Naona familia ilitenda haki, na kijana alistahili kushukuriwa kwa macho yake na kukanywa kwa ulimi wake.

Nina lawama moja ya mwisho. Wapenzi wa magari huikata picha ili gari lijae, na watu wakabaki nje. Anaondolewa dereva, anaondolewa utingo, anaondolewa mtoto aliyeegemea bampa. Watu walioendesha na kutengeneza magari ya mabwana wa mkonge huko Kimamba na Rudewa hawakuandikwa katika kitabu chochote, wakati magari yenyewe yana vitabu tele.

Kwa hiyo nashauri utaratibu mwingine. Picha ikiletwa, kwanza yaulizwe majina ya watu, angali yupo wa kuyataja, na yaandikwe nyuma yake kwa penseli laini. Kisha litajwe gari, pamoja na alama iliyolitambulisha. Na mahali pa mwaka pasiandikwe “1959”, bali “si kabla ya 1959”. Kwa maneno hayo mjukuu atajua tulichokijua, na pale tulipokomea.