Kamera Tuli na Kamera ya Begani: Udhibiti, Mtazamo na Hofu katika Matoleo Mawili ya Resident Evil 2

Utangulizi

Katika mijadala ya michezo ya video, udhibiti na kamera huchukuliwa mara nyingi kuwa masuala ya ufundi ambayo hurekebika kadiri mashine zinavyoimarika. Kwa mtazamo huo, mchezo wa zamani ni rasimu tu ya mchezo wa sasa. Makala haya yanapinga mtazamo huo kwa kulinganisha matoleo mawili ya Resident Evil 2 ya kampuni ya Capcom: la mwaka 1998, lililoongozwa na Hideki Kamiya, na lile lililoundwa upya mwaka 2019. Hoja kuu ni kwamba kamera na udhibiti ni vipengele vya usimulizi, kama ilivyo nafsi ya msimulizi katika riwaya.

Jicho lisilo na hakika

Katika toleo la 1998, kituo cha polisi huonekana kupitia kamera zisizozunguka, na mandhari yake ni picha zilizoandaliwa mapema kwa kompyuta. Mbinu hii ilikwishatumika katika Alone in the Dark (1992). Chanzo chake kilikuwa uchache wa nguvu za mashine, kwani picha tuli iliruhusu undani ambao mashine isingeweza kuuchora papo kwa papo. Hata hivyo, chanzo cha mbinu si maana yake yote. Resident Evil – Code: Veronica (2000), ambao mandhari yake yalichorwa papo kwa papo na mashine ya Dreamcast, bado haukumpa mchezaji mamlaka ya kuizungusha kamera. Kilichoanza kama ukomo kilikuwa kimegeuka mtindo.

Udhibiti nao ulifuata mantiki hiyo. Kitufe cha juu humpeleka mhusika kule anakoelekea yeye mwenyewe, na vya kushoto na kulia humgeuza pale aliposimama, mithili ya kifaru cha vita. Wachezaji wengi huulalamikia kuwa mzito. Lakini kamera inapobadilika ghafla, mbele ya mhusika hubaki mbele. Hivyo mkono una hakika, ilhali jicho halina. Mchezaji husikia mguno wa zombi aliye nje ya fremu na kulazimika kumsogelea asiyemwona. Udhaifu wa mbinu hii haufai kufichwa: mhusika anaweza kuwa anamkabili adui ambaye mchezaji hamwoni, na pengo hilo wakati mwingine huonekana kuwa dhuluma.

Gharama ya uhuru

Resident Evil 4 (2005), ulioongozwa na Shinji Mikami, uliihamishia kamera nyuma ya bega, lakini mhusika bado hakuweza kutembea huku akilenga shabaha. Toleo la 2019 la Resident Evil 2 halina kizuizi hicho. Mchezaji sasa huigeuza kamera apendavyo, na wabunifu walilazimika kuitafuta hofu mahali pengine. Waliipata gizani, ambako kurunzi huangaza sehemu ndogo tu. Na milangoni, kwani mazombi sasa huweza kumfuata mhusika chumba hadi chumba. Waliipata pia masikioni: vishindo vya Mr. X husikika kupitia kuta kabla hajaonekana. Mtunzi wa 1998 alichagua kitakachofichwa na fremu. Katika toleo la 2019, mchezaji huchagua pa kutazama, na kila anapotazama mbele huacha mgongo wazi.

Hitimisho

Ulinganisho huu unaonyesha kuwa toleo la 2019 ni tafsiri huru ya lile la 1998, wala si sahihisho lake. Suala hili lina uzito kwa wanaopanga sera za kuhifadhi urithi wa kidijitali. Maktaba inayohifadhi toleo jipya pekee huhifadhi hadithi na kupoteza namna ilivyosimuliwa. Kurejea sokoni kwa Resident Evil 2 wa awali mwaka 2024 kupitia duka la GOG ni hatua njema, ila duka huongozwa na soko. Hifadhi ya umma inapaswa kutunza toleo la awali, udhibiti wake na maelezo ya matumizi yake, ili msomaji wa kesho auhukumu uzito ule kwa mikono yake mwenyewe.