Lakabu na Mwenye Jina: Uhakiki wa Majina ya Sifa katika Nchi ya Ruvuma

Lakabu ni neno linaloambatana na jina la mtu, au kushika mahali pake, ili kutaja sifa yake moja. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameizoea kama pambo la usemi. Sisi tunaolitumikia Neno hatuwezi kuishia kwenye pambo. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba lakabu hueleza habari za aliyeitunga kabla ya kueleza habari za anayeibeba, na kwa hiyo mhubiri hana budi kuipima kabla ya kuipandisha mimbarani.

Na tuanze Mtwara. Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, wenyeji wa nyanda za juu za Mueda, waliitwa na majirani zao Wamawia, jina linaloelezwa kuwa na maana ya watu wakali, wepesi wa hasira. Wao wenyewe hujiita Wamakonde. Karl Weule, msomi wa Kijerumani aliyezunguka Masasi na Newala mwaka 1906, alilitumia jina hilo katika kitabu chake cha mwaka 1908. Hivyo neno la majirani likapata cheo cha neno la kitaalamu. Watu hao walipovuka mto kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, na baadaye walipokimbia vita vya ukombozi vya miaka 1964 hadi 1974, walikuta jina limekwisha kufika kabla yao. Mtu aliyekimbia ukali wa wengine akaitwa yeye mkali.

Yatasemwa kwamba huo ni utani tu, na kusini ni nchi ya utani. Hoja hii haifai kupuuzwa. Lakini utani una sheria zake: anayetania hutaniwa, na siku ya msiba mtani huwajibika kufika na kutumika. Lakabu ya upande mmoja haina deni hilo. Nasi tunakiri kosa letu. Tuliwahi kumtaja mzee mmoja wa ng'ambo kwa lakabu hiyo mbele ya usharika. Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Jumapili iliyofuata hakuja.

Hata sayansi, inayosifiwa kwa kutopendelea, haikusalimika. Katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, mamia ya vibarua wa kusini walichimba mifupa ya dinosaria kwa ajili ya makumbusho ya Berlin kati ya mwaka 1909 na 1913. Jina la kisayansi la kiumbe lina sehemu mbili, na ya pili ndiyo huipambanua aina yake. Mwaka 1919 aina mojawapo iliitwa Dysalotosaurus lettowvorbecki, kwa heshima ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye jeshi lake lilivuka Ruvuma mwezi Novemba 1917 na ambaye vita vyake viliwaachia watu wa kusini njaa. Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, alikumbukwa mwaka 2007 tu, katika jina Australodocus bohetii. Mwaka 2019 jina Wamweracaudia keranjei likawaheshimu Wamwera pamoja na Mohammadi Keranje, aliyeivumbua mifupa yake. Hata hivyo jina la jenerali halikuondoka, maana kanuni za elimu hiyo hulilinda jina lililotangulia.

Kanisa halifungwi na kanuni hiyo. Katika Waebrania 11:31 na Yakobo 2:25, Rahabu anatajwa pamoja na lakabu ya kahaba. Katika Mathayo 1:5, ndani ya ukoo wa Bwana wetu, anatajwa kwa jina lake tupu. Hatusemi kwamba waandishi wale wawili walikosea, kwa kuwa wao waliitaja lakabu ili kuitukuza imani iliyoishinda. Katika Luka 1:36 malaika anasema kwamba Elisabeti aliitwa tasa. Jina hilo analiacha mikononi mwa watu waliompa. Tena ipo lakabu inayomwinua mtu: mitume walimwita Yusufu wa Kipro Barnaba (Matendo 4:36), na tangu hapo twamjua kwa faraja yake.

Basi tunapendekeza maswali matatu kwa kila mhubiri na kila mwanafunzi wa theolojia. Nani aliyetunga lakabu hii? Je, mwenyewe ataiitikia akiwa peke yake, pasipo watu wa kucheka? Je, yatangaza neema aliyoipokea, au yamrudisha alikotolewa? Maswali hayo yahusu pia maneno tuyasemayo kila Jumapili katika matangazo: yule mkimbizi, yule kilema, yule tasa.

Mtu anapoletwa kubatizwa, mchungaji huuliza jina lake. Hawaulizi majirani sifa zake. Kwa jina hilo na tumwite pia siku ya Jumatatu.