Ashakum si matusi: juu ya mvulana wa Jules Renard

Kitabu cha Jules Renard kiitwacho Poil de Carotte, kilichotolewa Ufaransa mwaka 1894, si kigeni kwa wengi wetu tuliopitia masomo ya Kifaransa. Tulisomeshwa vipande vyake, tukacheka. Makala haya yanahusu kipande kimoja ambacho walimu wetu walikiruka, nacho ni kifupi mno: «Sauf votre respect». Tuliwapa wanafunzi wetu kipande hicho kama zoezi la tafsiri, na zoezi likatufunza sisi zaidi kuliko wao.

Mhusika ni mvulana mwenye nywele nyekundu, kitinda mimba wa jamaa ya Lepic, mzito wa mwendo na wa maneno. Nyumbani haitwi kwa jina lake bali kwa rangi ya nywele zake. Renard atuambia kwamba amekwisha fikia umri ambao wenziwe hupokea komunyo ya kwanza. Msomaji wa leo asidanganyike hapa: kabla ya mwaka 1910, Papa Pio X alipoushusha umri huo hadi kama miaka 7, watoto wa Ufaransa walikuwa wakingoja mpaka miaka 11 au 12. Basi mvulana huyu yuko mlangoni mwa ujana, na bado anakojoa kitandani.

Kwa anwani ya kipande, wanafunzi walipendekeza «kwa heshima yenu», «mniwie radhi», hata «samahani». Mmoja tu, aliyezoea kusoma vitabu vya pwani, alileta «ashakum si matusi». Hiyo ndiyo tafsiri tunayoishikilia. Asemaye ashakum yu karibu kutaja jambo la kufichwa, naye aomba ulimi wake usilaumiwe. Lakini ni jambo gani hapa lililostahili kuombewa radhi? Shuka iliyolowa yatajwa na kupitwa. Kinachofuata ni mama. Bibi Lepic hakemei. Asafisha kwa upole, kisha amletea mtoto supu kitandani, amlisha kijiko kwa kijiko, huku kaka na dada wakisimama kando wakingojea kucheka. Ndani ya supu amekoroga kidogo cha kile alichokiokota usiku. Mwandishi ameomba radhi kwa ajili ya mtoto. Kwa ajili ya mama hakuomba. Kejeli yote ya kipande imo katika anwani hiyo, na aliyeandika «samahani» ameipoteza.

Neno la pili lililotugawa ni kikojozi. Karibu darasa zima lililitumia, na kwa hakika ni neno la Kiswahili safi. Tulichambue. Kiishio -zi ni kile cha mwizi na mlinzi, yaani cha mtu atendaye jambo. Kiambishi ki- ni kile cha kiziwi, kipofu na kiwete, yaani cha mwenye kasoro. Hivyo neno moja lamshtaki mtoto mara mbili: ana kilema, na kilema hicho akitenda mwenyewe. Upatanisho wa kisarufi wamwonea huruma kidogo, maana twasema kikojozi ameamka, si kimeamka. Hata hivyo Renard hakumpa jina la namna hiyo. Asema tu kwamba mvulana hajawa safi. Mfasiri atakayeandika kikojozi atakuwa amekaa upande wa Bibi Lepic. Tulilifuta.

Wapo watakaosema kwamba tunazidisha, kwani mtoto angejitahidi tu. Nao wasome kipande kingine, «Le Pot». Humo twamwona akijitahidi kila jioni, akihesabu saa, akitoka nje gizani kabla ya kulala hata majira ya baridi. Usiku mmoja chombo hakimo chumbani na mlango umefungwa kwa nje. Mvulana ajisaidia katika meko. Asubuhi mama amwita mwanawe mwongo, kisha aingia na chombo amekificha, akisukumiza chini ya kitanda. Tabia ya kitoto haiwezi kuisha katika nyumba inayoihitaji. Leo waganga wamekubaliana kwamba jambo hili mara nyingi hurithiwa, wala halitokani na uvivu wala ukaidi. Mimi nililala bwenini miaka kadhaa, na nimeona kijana mwenye ndevu zikianza kuota akivuka uwanja na godoro kichwani, darasa zima likiwa madirishani. Hapo hakuna aliyesema ashakum.

Turudi kwenye supu. Mama amwambia mtoto alichokimeza, na mtoto ajibu kwamba alikwisha kushuku. Wala hakunji uso, kama walivyotumaini. Wanafunzi wengi walitia alama ya mshangao baada ya jibu hilo. Katika Kifaransa hakuna alama hiyo. Kuna mkato tu. Tuliwaomba waiondoe, na wawili walikataa.