Shujaa Gani Huyu?

Riwaya ya Chinua Achebe iliyotoka mwaka 1958 ilipofasiriwa kwa Kiswahili na Clement Ndulute mwaka 1973, ilipewa jina Shujaa Okonkwo. Na tafsiri yenyewe sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na hilo neno la kwanza jaladani. Jina la Kiingereza lataja mambo yanayosambaratika. Sisi tumekabidhiwa shujaa kabla ya kufungua ukurasa.

Kwa mtu aliyefundisha chuo cha ualimu, jambo hili si dogo. Nimesahihisha insha nyingi za vijana wa kiume waliodai kwamba Okonkwo aliangamizwa na Wazungu basi. Kumpiga mkewe katika Juma la Amani walikuita kasoro ndogo. Na hao ndio waliokwenda kusimama mbele ya watoto wetu, fimbo mkononi.

Achebe hafichi kwamba Okonkwo alitawaliwa na hofu: hofu ya kufanana na babake Unoka, mpiga filimbi mwenye madeni. Utotoni, mwenzake alimwambia kuwa babake ni agbala, neno la Kiigbo lenye maana ya mwanamke, na pia ya mwanamume asiye na cheo. Jeraha hilo halikupona. Mzee Ezeudu alimwonya asishiriki kumwua Ikemefuna, kijana aliyelelewa kwake miaka mitatu na kumwita baba. Alikwenda. Kijana alipomkimbilia, yeye mwenyewe ndiye aliyemkata kwa panga, asije akaonekana dhaifu. Rafiki yake Obierika alikuwa amebaki nyumbani. Basi mwoga ni nani kati ya hao wawili?

Wapo watakaosema kuwa ndivyo mila za Umuofia zilivyotaka. Sikubali hata kidogo. Hebu msomaji arudi kwenye habari za mzee Ndulue na mkewe Ozoemena, ambazo wengi huziruka. Ndulue aliiongoza Umuofia vitani, naye hakufanya neno bila kumwambia mkewe. Wakafa siku moja. Okonkwo alishangaa, maana alidhani mzee yule alikuwa na nguvu ujanani. Akahakikishiwa kuwa alikuwa nazo kweli. Akatikisa kichwa kwa shaka. Huko Mbanta, kwa wajomba zake, alikopelekwa uhamishoni miaka saba, mzee Uchendu alimwuliza kwa nini watu huwapa watoto jina Nneka, yaani mama ni mkuu. Hakujua. Mtu mzima, mwenye wake na watoto, hakujua jibu ambalo lilikuwa ndani ya lugha yake mwenyewe!

Unoka alipougua uvimbe alipelekwa msituni akafie huko, na filimbi yake, bila kaburi. Mwanawe alihangaika maisha yote asifanane naye. Mwishoni alijinyonga, na kwa kuwa kujiua ni chukizo, ndugu zake hawakuruhusiwa kumgusa. Obierika alilazimika kuwaomba watu wa mkuu wa wilaya, wageni, wamshushe mtini na kumzika.